Namna ya Kutazama Ndege Katika Kinamasi cha Maji ya Chumvi

Hatua ya kwanza ni kusoma jedwali la maji kupwa na kujaa. Bahari ikipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope na kuonekana kama nukta. Ikijaa, husogezwa taratibu hadi wakabanana kwenye miinuko ya nyasi ambayo maji hayajaifikia. Basi tangulia maji kwa muda wa saa mbili hivi, uwasubiri. Saa ya kujaa husogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida mwezi unapoandama au kuwa mpevu, vijito hujaa nyuma yako bila kelele, kwa hiyo usivuke kijito chochote maji yakiwa yanapanda.

Hatua ya pili, kaa chini, jua likiwa mgongoni. Darubini ya macho mawili ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Inayokuza zaidi hutetemeka upepo ukivuma.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: tazama mdomo na mwendo kabla ya rangi, kwani nje ya msimu wa kuzaliana wengi wao huwa wa kijivu na kahawia tu. Mwenye mdomo mfupi na macho makubwa hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hudonoa, kisha hukimbia tena, maana huwinda kwa kuona. Mwenye mdomo mrefu huinama akichoma matope mfululizo, kwa kuwa ncha ya mdomo wake huhisi minyoo asiowaona. Yule mkubwa mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini utamwona akimchomoa kaa shimoni, akimtikisa mpaka miguu ikatike, ndipo ammeze.

Kundi likiwa kubwa, hesabu ndege kumi, kariri nafasi waliyoijaza, kisha pima kundi zima kwa kipimo hicho.

Usiwasogelee. Mwaka 2022 ndege mchanga wa spishi ya Limosa lapponica, mhamaji wa matopeni mwenye mdomo mrefu, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua, akitegemea mafuta ya mwilini. Kila mara unapowarusha wahamaji wa aina hii, unawapunguzia akiba hiyo. Waliolala wakianza kuinua vichwa, rudi nyuma polepole. Maji yakianza kupwa, watateremka wenyewe matopeni kula, nawe ndipo uinuke.