Kulehemu waya wa shaba kwenye kaboni ya drili

Assalaam alaykum. Nimeletewa drili hapa Mwanakwerekwe, waya wa kaboni (kile kijipande kinachopeleka umeme kwenye mota) umechomoka, na fundi mwengine keshajaribu lehemu ya fedha ya friji. Kaboni imeungua pembeni, lehemu imefanya vitone kama maji juu ya jani la jimbi.

Fedha na shaba zikiyeyuka hazilowanishi kaboni. Viwandani hutia titani kidogo kwenye lehemu, ndiyo inayong'ata. Lakini hilo hufanywa kwenye tanuri lililotolewa hewa, nyuzi 850 hadi 900 hivi. Penye hewa, kaboni huanza kuungua hata kabla ya nyuzi 600. Kwa tochi ya gesi usijisumbue. Tuivishe kaboni shaba kwanza.

1. Piga msasa ncha, usiiguse tena kwa vidole. Kwengine kote paka nta.

2. Koroga gramu 100 za mrututu (ile chumvi ya buluu ya shaba) kwenye nusu lita ya maji. Chombo kisirudi jikoni, ni sumu.

3. Kipande cha shaba kwenye chanya ya betri moja ya tochi (volti 1.5), kaboni kwenye hasi. Tumbukiza ncha tu, kisha kaa utazame. Ikigeuka waridi kama kamba aliyepikwa, ni sawa, acha saa nzima. Ikija nyeusi kama masizi, umeme umezidi: futa, sogeza shaba mbali, anza tena. Mimi nilifuta mara mbili.

4. Roweka maji safi, badilisha mara tatu nne. Mrututu uliojificha kwenye vitundu utaula waya. Anika, toa nta.

5. Lehemu ya bati, ile ya redio. Haraka haraka.

Maswali

— Maalim, nikishavisha shaba si napiga lehemu ya fedha sasa? (Wete)
Hapana, ndugu yangu. Ikiyeyuka inalila gamba lote. Tena shaba hutanuka mara mbili ya grafaiti (aina ya kaboni) au zaidi. Ikipoa kutoka moto ule inavuta, kaboni inapasuka.

— Ya kujifunzia nitapata wapi?
Kijiti cha katikati cha betri kuukuu za redio, zile za bei rahisi. Kichemshe kwanza, kimetiwa nta.

— Drili ikipata moto, bati haliyeyuki?
Laweza, huyeyuka karibu na nyuzi 190. Mashine ya kazi ya kutwa inunulie kaboni mpya.