Namna ya Kumpima Mchezeshaji Kijana Kabla ya Drafti ya NBA

Unapojadili iwapo mchezeshaji kijana (anayeongoza mashambulizi ya timu) anafaa kuchaguliwa katika drafti ya NBA, yaani zamu za timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani kuchagua wachezaji wapya, anza na asilimia ya mitupo yake huru (ile ya adhabu isiyozuiwa na mlinzi), ambayo mara nyingi hudokeza ulengaji wake wa baadaye vizuri kuliko mitupo michache ya pointi 3. Kisha tazama mechi nzima, si vipande vya kusisimua, ukimwangalia anapobanwa na walinzi wawili: je, anaendelea kuudunda mpira huku macho yakimtafuta mwenzake aliye kwenye kona, au anawapa mgongo na kuukumbatia? Ufupi una gharama yake katika ulinzi, lakini usikutishe mno. Mwaka 2009 timu ya Minnesota ilichagua wachezeshaji wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, ikamwacha Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa ulengaji, achukuliwe na timu ya Golden State akiwa wa 7.