Datsun 240Z imeoza kutu: uifufue ama uachane nayo?

Watu wengi wakikuta 240Z imetelekezwa nyuma ya gereji, majani yameota mpaka kwenye bampa, kitu cha kwanza ni kupiga hesabu ya rangi na rimu. Ngoja kwanza. Hii gari naipenda sana, ndio iliyobeba ushindi wa Safari Rally 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, na kwa vile naipenda nakuomba uanze kuikagua kutoka chini, rangi utaiangalia mwisho kabisa.

Sababu ni hii. Land Rover ya zamani ina chesisi yake kando, bodi ikioza unaifungua unaweka nyingine. Hii 240Z, au Z kwa kifupi, haina kitu kama hicho, bodi yenyewe ndio chesisi, yale mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja ndio yanabeba injini, difu, shokapu na wewe mwenyewe. Z ambayo haijaguswa na kutu kabisa ni ngumu kupata popote duniani, kwa hivyo kuona kutu tu kusikutishe, angalia imekaa wapi.

Beba tochi kali, sumaku ndogo, bisibisi bapa, jeki na stendi zake. Usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, na hasa hii, manake penye kutu jeki inatoboa bati na gari inashuka. Mwambie mwenye gari mapema kwamba utadunga na bisibisi na utainua kapeti, akikataa basi ameshakujibu.

Anza chini ya boneti pale betri inapokaa, karibu na ule ukuta unaotenganisha injini na mnapokaa. Asidi ya betri ikimwagika miaka na miaka inakula trei, inashuka mpaka kwenye reli ya bodi iliyo chini yake. Trei peke yake ikioza hiyo ni kazi ndogo. Reli ikiwa inabonyea hapo hesabu imebadilika, manake reli hizo ndizo zinazotoka mbele kushika injini zikapita chini ya sakafu. Ukiwa hapo hapo soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ule ukuta uilinganishe na logibuku. Namba zisipofanana usiendelee, hata gari iwe nzuri namna gani.

Sasa ingia ndani, inua kapeti. Kuna matabaka ya lami yaliyobandikwa sakafuni kupunguza kelele, maji yakiingia chini yake hayatoki, bati linaoza taratibu huku juu panaonekana safi. Gonga na mpini wa bisibisi: bati zima linalia, bovu linatoa sauti butu na vumbi jekundu. Maji mara nyingi yanatokea juu, chini ya waipa pale, majani yakiziba njia ya kutolea maji yanashukia nyuma ya fenda za mbele yanakaa hapo.

Halafu lile boksi la bati linalopita chini ya mlango. Hapa usidanganyike na nje, limeundwa kwa mabati yaliyopangana na la nje linaweza kubadilishwa likapigwa rangi likang'aa wakati la ndani limekwisha. Kipimo ninachokiamini mimi: funga mlango, tazama ule mwanya wa kuzunguka mlango, halafu inua gari upande huo na jeki polepole. Mwanya ukibana au mlango ukakataa kufunguka, bodi inapinda, nguvu imeisha. Maliza na matao ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya spea taya na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, hapo pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa, ikiteleza bila kushika ujue chini kuna puti, ile ya kujazia mashimo kabla ya rangi.

Injini isikuumize kichwa. L24 ni silinda 6 za mstari mmoja, lita 2.4, ngumu kweli, na hata ikiwa imekufa, injini ya L28 ya 280Z, ile Z iliyokuja baadaye, inakaa bila ugomvi. Breki, shokapu, kabureta, viti, vyote vinapatikana ama vinatengenezeka. Mabati pia yanatengenezwa mapya na kuuzwa Marekani, ila kuyanunua ni jambo moja na kumpata fundi wa kuyachomelea gari ibaki imenyooka ni jambo lingine, na huyo fundi ndiye atakayekula pesa nyingi.

Mpeleke huyo fundi akaione kabla hujalipa. Akupe bei ya bati peke yake kwa maandishi, kisha ongeza nafasi kubwa juu yake, manake wakishakwangua rangi lazima kitatokea kitu kingine. Ukijumlisha na bei ya kununulia ikapita bei ya Z nzima inayotembea, nunua ile inayotembea. Nissan yenyewe, kampuni iliyotengeneza Datsun, mwishoni mwa miaka ya 1990 ilizifufua 240Z kule Marekani ikaziuza, ikatoa chache tu kisha ikasimama.

Mimi ningevumilia kutu nyingi kwenye Z za mwanzo kabisa, zile zenye matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma chini ya kioo, manake hizo watu wanazitafuta sana. Iwe ni ya baadaye, reli zote mbili zimeoza na mabati ya chini ya milango nayo yamekwisha, toa bei ya spea tu. Injini, gia boksi, difu, vioo na dashibodi vitaiokoa Z nyingine.

Na ukiamua kuichukua, siku hiyo hiyo ng'oa kapeti zote, zibua njia za maji chini ya waipa, toa betri, na uiweke chini ya paa mbali na upepo wa bahari. Ukiiacha nje Mombasa mvua moja ya masika huku ukisubiri pesa, bei uliyopewa na fundi haitakuwa ile ile.