SOMO: Ndege ikivuta kushoto ukiongeza moto, inamisha mota, usukani uache

Mwangaluka wakuu. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Ndege yangu ya rimoti nikiongeza moto (nguvu ya mota) inalalia kushoto na kunyanyua pua, nikipunguza inatulia, tatizo nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia uzi huu bila salamu.

Propela ya kawaida, ukiwa umesimama nyuma ya ndege, inazunguka kama mishale ya saa. Mwili wa ndege nao unataka kuzungukia upande wa pili, kwa hiyo bawa la kushoto linashuka. Halafu upepo wa propela haurudi nyuma umenyooka. Unajiviringisha kwenye mwili kama kamba, unaupiga mkia wa wima ubavu wa kushoto, mkia unakwenda kulia na pua inakwenda kushoto. Hizi ndege zetu za bawa la juu zina ugonjwa wa pili pia: zikipewa moto zinanyanyua pua kama mbuzi aliyeona majani ya mwembe.

Dawa ni mota kutazama kulia kidogo na chini kidogo. Kwa ndege ya kujifunzia anza na digrii 2 kulia na 2 chini.

1. Pima kitovu cha uzito. Mkia ukiwa mzito, hayo mengine yote ni bure.

2. Irushe kwa mkono bila moto juu ya nyasi ndefu, urekebishe mpaka iteleze imenyooka. Ikiwa inapinda hata mota ikiwa imezimwa, kosa ni la bawa au mkia.

3. Toa propela. Sijali una haraka kiasi gani.

4. Weka washa (vile vipete vya bati vya skrubu) kati ya mota na ukuta wake, yaani kibao cha plaiwudi inapofungwa. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo soma taratibu.

Kulia ni kulia kwa RUBANI, ukiwa nyuma ya mkia unatazama mbele. Mwaka wangu wa kwanza niliilaza ndege mezani pua ikinielekea, nikaweka washa ili mota itazame "kulia" ya macho yangu. Nikaenda kuijaribu kwenye mwalo mmoja upande wa Luchelele, Mwanza, asubuhi, ziwa limetulia kama chai kwenye kikombe. Nikampa moto wote. Ilikata kushoto kama imeitwa jina, ikalala kifudifudi katikati ya dagaa walioanikwa. Mama mwenye dagaa hakupiga kelele. Alikuja na sado, akapima waliosagika, akanitajia bei. Nililipa, na propela ilikuwa vipande viwili.

Kwa hiyo: ili mota itazame kulia, washa zinakaa kwenye skrubu za KUSHOTO. Ili itazame chini, zinakaa kwenye skrubu za JUU. Unausukuma mbele upande ulio kinyume na unakotaka itazame. Andika K (kushoto) na L (kulia) kwa kalamu ya wino kwenye mwili wa ndege kabla hujagusa bisibisi, na usiandike ukiwa umekaa mbele ya pua.

Unene: matundu yakiachana milimita 30, washa ya milimita 1 inakupa karibu digrii 2. Yakiachana 40, weka milimita 1.4. Kama mota ina skrubu nne kwenye pembe za mraba na unataka kulia 2 na chini 2, juu-kushoto inapata washa mbili, juu-kulia moja, chini-kushoto moja, chini-kulia haipati kitu. Ukiweka tofauti na hivyo unapobana unaupinda ukuta, na plaiwudi nyembamba itapasuka.

5. Mota ikitazama kulia, ncha ya mhimili nayo inahamia kulia. Kutoka ukutani hadi propela ikiwa milimita 50, digrii 2 zinaihamisha karibu milimita 2. Kama unataka propela ikae katikati ya pua, toboa matundu ya mota milimita 2 kushoto. Ni kwa uzuri tu, ndege itaruka hata usipofanya.

6. Tumia skrubu ndefu kuliko za mwanzo, kwa sababu washa zimekula urefu. Tone la rangi ya kucha kwenye nyuzi zake linazuia zisilegee.

7. Jaribu. Ipandishe juu ya kutosha, iweke sawa kwa moto wa nusu mpaka ukiachia vidole iende yenyewe, kisha ongeza moto wote bila kugusa kitu. Ikienda kushoto, ongeza kulia. Ikisimama wima, ongeza chini. Kupanda polepole ni sawa, usiitibu. Badilisha nusu digrii kwa wakati mmoja, upande mmoja kwa wakati mmoja.

---

Mdau, Geita: Mkuu somo zuri. Sasa washa naweka upande gani?

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau, Geita: Nimeona ni ndefu, nikasema niulize tu.

Jibu: Ni ndefu kwa sababu nililipia dagaa. Isome.

Mdau, Shinyanga: Mbona jamaa kwenye video anapinda usukani kidogo kwa rimoti na inaruka vizuri? Unatuchosha na washa.

Jibu: Inaruka vizuri moto ukiwa uleule. Ukiukata moto ili utue, kosa la mota limeondoka lakini usukani bado umepinda. Ndege itakata kulia ikiwa chini, mwendo mdogo, wakati mbaya kuliko wote. Mota iliyoinama inarekebisha kadiri inavyovuta. Ikizima, marekebisho nayo yanazima. Kama hutaki washa, usiweke. Ndege ni yako.

Mwanafunzi, Nyegezi: Shikamoo kaka. Nimeelewa upepo unaojiviringisha. Je, nikiongeza ukubwa wa propela, digrii 2 zitabaki zilezile?

Jibu: Marahaba dada, hili ndilo swali. Hazibaki. Propela kubwa inayozunguka polepole inaupa mwili msokoto mkubwa zaidi, kwa hiyo huenda ukahitaji digrii 3. Ukibadilisha propela, rudia hatua ya 7 yote. Na kwa sisi wa huku kuna jambo jingine: Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar. Propela ya huko ikifika hapa inavuta kivivu kidogo. Ndiyo maana wengi wetu tunapanda saizi moja, halafu tunashangaa kushoto kumezidi. Gusa mota baada ya dakika mbili za kuruka: ikichoma vidole, umezidisha propela.

Mwanafunzi, Nyegezi: Wabeja sana. Na kupima digrii bila kifaa?

Jibu: Kipimapembe cha mkebe wa shule. Funga kijiti kirefu cha mshikaki kwenye mhimili, kinyooke nao. Vuta uzi katikati ya mwili kutoka mkia mpaka mbele ya pua. Kijiti na uzi vinaachana, unapima. Sentimita 20 mbele, digrii 2 ni milimita 7. Kwa hiyo hata rula inatosha.

Mdau, Ukerewe: Mimi nimetengeneza ya kuelea majini, mota iko juu ya nguzo ili isinywe maji. Nikiongeza moto inainamisha pua, kinyume na ulivyosema.

Jibu: Hukukosea mahali, mzee wangu. Mota ikiwa juu sana ya kitovu cha uzito inaisukuma ndege kifudifudi. Kwanza fupisha nguzo mpaka propela ibaki na nafasi ya vidole viwili tu juu ya mwili. Kisha badilisha mwelekeo wa mota ili mstari wake wa kuvuta upite karibu zaidi na kitovu cha uzito. Uchore kwa penseli kwenye ubavu kabla ya kukata chochote. Tuwekee picha, tafadhali. Sijaona ya kuelea siku nyingi.

Mdau, Musoma: Mnapata wapi foamu? Hapa hamna.

Jibu: Maboksi meupe ya kusafirishia minofu ya sangara, yaliyovunjika kona. Oshea sabuni na limau, yaanike siku mbili. Usitumie supa glu ya kawaida, inayayeyusha. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Shombo haliishi lote. Ya kwangu ilikuwa ikitua, paka wa mwaloni wanaifikia kabla yangu.

Mdau, Geita: Nimesoma hatua ya 4. Nimeweka kushoto na juu. Imeenda sawa!! Sasa upepo wa saa nane unaibeba mbali.

Jibu: Hongera. Upepo wa mchana unatoka ziwani, hauna washa. Rusha saa moja asubuhi, na mbali na njia za ndege za watu.