Kabla Hujaisukuma Sirinji: kumpa mtoto dawa wodini

Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi, zamu ya usiku, wodi ya watoto ya hospitali moja Kanda ya Ziwa. Msimu wa mvua, malaria imepamba moto, kila kitanda kimelaza watoto wawili. Mkononi nina seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, niliyokwisha kuichanganya. Nikauliza, "Mama Baraka?" Mama mmoja akaitika, "Abee." Nikashika mkono wa mwanawe, nikafungua kifuniko cha kanula, kile kimrija kilichowekwa mshipani. Bibi aliyekaa upande wa pili wa kitanda hichohicho akanizuia: "Mjukuu wangu, Baraka wa kifua ni huyu wetu. Huyo ana malaria."

Akina Baraka wawili, kitanda kimoja. Sikuwa nimesukuma hata tone, ila mikono ilinitetemeka mpaka asubuhi. Dawa ilikuwa sahihi, dozi sahihi, saa sahihi. Kilichokosewa ni swali langu. Leo ninawafundisha wanafunzi wodini, na hapo ndipo ninapoanzia.

Uliza swali lisilojibika kwa "ndiyo"

Mzazi aliyekesha siku tatu, mwenye hofu na heshima kwa yeyote mwenye sare nyeupe, atakuitikia jina lolote. Kwa hiyo usimtajie jina, muache alitaje yeye: "Mama, mtoto wako anaitwa nani? Jina la baba yake? Ana umri gani?" Kisha linganisha na faili pamoja na namba ya hospitali. Namba ya kitanda haimtambulishi mtu. Wagonjwa huhamishwa usiku, na kina mama hubadilishana nafasi wenyewe ili mmoja akae karibu na dirisha.

Hapohapo ulizia mzio, lakini kwa maneno ya nyumbani. Ukisema "mtoto ana mzio wa dawa?" wengi watakujibu hapana. Uliza: "Kuna dawa iliwahi kumkataa? Ikamtoa vipele, ikamvimbisha uso?" Majibu mengi muhimu nimeyapata kwa neno hilo moja, kumkataa.

Pima kilo leo

Dozi za watoto huenda kwa uzito, na uzito wa kwenye kadi ya kliniki unaweza kuwa wa miezi minne iliyopita. Mtoe nguo nzito na khanga, mpime, andika kilo na tarehe. Usikisie kwa kumtazama.

Tuchukue artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali utakayoichanganya mara nyingi kuliko zote katika wodi zetu. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Anza na mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho, utikise mpaka maji yawe maangavu kabisa. Yakibaki na ukungu, tupa. Usianze kwa maji ya kuchanganyia sindano. Baada ya hapo ongeza maji ya chumvi: mililita 5 kama unapitisha kwenye mshipa, mililita 2 kama unadunga kwenye msuli. Kwa njia ya kwanza, kila mililita ina miligramu 10. Kwa ya pili, miligramu 20.

Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 ni miligramu 2.4. Mtoto wa kilo 14, basi, ni miligramu 42: mililita 4.2 kwenye mshipa, au mililita 2.1 kwenye msuli. Kosa ninalolikuta ni hili: mwanafunzi anachanganya kwa mililita 5, halafu anavuta kwa hesabu ya msuli. Mtoto anapata miligramu 21, nusu ya dozi, na hakuna kengele italia. Faili litasema amepewa. Homa itakapoendelea tutadhani dawa imeshindwa. Ndiyo maana nawataka waandike kwenye karatasi, kabla ya kuvuta, "miligramu ngapi kwa mililita", kisha mwenzao apige hesabu yake mwenyewe bila kuona ya kwanza. Ukimwonyesha jibu lako na kumuuliza "si sawa?", atakubali tu. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja, inayobaki imwagwe hata kama inakuuma.

Kwa vichanga ogopa desimali. Jentamisini ya ampuli, nayo ni antibiotiki, ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Kichanga wa kilo 3 aliyeandikiwa miligramu 5 kwa kilo anahitaji miligramu 15, yaani mililita 0.375, na hiyo ivutwe kwa sirinji ya mililita 1. Nukta ikiruka unapata 3.75, karibu ampuli mbili nzima. Basi ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa mtoto wa siku mbili, simama, mwite msimamizi. Na unapoandika, andika 0.5, kamwe usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0.

Saa sita ya nani?

Jambo hili vitabu vya Kiingereza haviwezi kutufundisha. Chati ya dawa inasomeka 06:00. Mdomo wetu unasema saa kumi na mbili asubuhi. Niliwahi kupokea zamu nikaambiwa "dozi yake ni ya saa sita". Aliyenikabidhi alikuwa amesoma 06:00 kwenye chati, mimi nikasikia adhuhuri. Kidogo mtoto akose dozi ya alfajiri. Kwenye chati tumia saa 24 peke yake. Kwa mdomo, taja saa ya Kiswahili pamoja na wakati wake: saa nne usiku, saa nne asubuhi. Artesuneti hutolewa mwanzo, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mtoto aweze kumeza. Aliyeanza 22:00 anafuata 10:00, halafu 22:00 tena. Ziandike zote tatu palepale unapotoa ya kwanza.

Akishapata sindano saa 24 au zaidi na anaweza kumeza, anahamia dawa ya mseto ya malaria, ALU, ya kumeza, dozi kamili. Usimpe mama bahasha iliyoandikwa "1x2" ukaondoka. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, hapa nina maana ya muda wa saa nane, siyo saa nane mchana, na nimeona mama akielewa hivyo. Kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoto anyonye, anywe maziwa au ale chakula chenye mafuta. Akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi. Ukimaliza, mwambie, "Mama, hebu nielezee utakavyompa nyumbani," usikilize mpaka mwisho.

Toroli, lebo na ujasiri wa kusema

Lebo isome mara tatu: unapoichukua dawa, unapoivuta, na kitandani kabla ya kutoa. Ampuli nyingi zinafanana rangi na umbo, na aliyepanga kabati jana si wewe. Sirinji isiyo na lebo hutupwa. Dawa aliyoivuta mwenzako usiidunge. Potasiamu kloridi haisukumwi kwenye mshipa kwa sirinji hata siku moja. Huzimuliwa kwenye dripu na kwenda polepole, la sivyo moyo unasimama. Seftriaksoni usiichanganye na maji ya dripu ya Ringer's lactate, kwa sababu ya kalsiamu iliyomo.

Ndugu wa mgonjwa akikuita ukiwa unavuta dawa, mjibu kwa upole: "Nisubiri kidogo mzazi wangu, nina dawa ya mtoto mkononi." Hakuna atakayekasirika.

Wewe ni mwanafunzi, hutoi dawa bila muuguzi mwenye leseni kukusimamia, hata wodi ikiwa imezidiwa. Saini baada ya kutoa, si kabla. Mtoto akikataa au akitapika, andika hivyo.

Na ukikosea, anza na mtoto: acha kutoa, tazama anavyopumua, pima mapigo, usitoke kitandani. Ita msimamizi na daktari, wataje dawa, kiasi na saa kamili. Faili lisifutwe. Usiku ule nilimweleza sista wa zamu kila kitu, hata kama hakuna aliyedhurika. Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, tukaandika majina matatu matatu ya watoto wote 31 kwenye plasta, tukawabandika mkononi mmoja mmoja mpaka kulipopambazuka.

Nusu saa baada ya sindano rudi kwa mtoto. Angalia vipele, uso, pumzi, mahali kanula ilipo kama pamevimba, muulize mama anamwonaje. Nawa mikono. Halafu nenda kitanda kinachofuata, uulize tena: "Mama, mtoto wako anaitwa nani?"