Kufunga AC ya spliti nyumbani: simama na fundi uone mwenyewe anafanya nini

Joto la Dar kuanzia Novemba mpaka Machi mnalijua, ndo kipindi watu wanakimbilia Kariakoo kuchukua AC ya spliti, ile yenye yuniti mbili, ya ndani na ya nje, na jioni hiyohiyo wanamtaka fundi aifunge walale nayo. Yangu ya kwanza ilifungwa hivyohivyo, saa moja na nusu tu kazi imeisha, miezi minne mbele haipoozi tena na plagi imeyeyukia kwenye soketi nyuma ya kabati, tena chumba wanacholala watoto. Tangu hapo sikubali AC ifungwe kwangu nisipokuwepo.

Umeme ndo wa kwanza, hata kabla hujanunua. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza), ambayo inatosha chumba cha kama mita 4 kwa 4, inavuta wati 1,000 hivi usiku kucha, soketi ya kawaida haikuwekwa kwa kazi hiyo na eksitensheni ndo usiguse kabisa. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 2.5 za mraba na brekeri yake ya ampia 16 au 20 (soma kitabu cha mashine, BTU 18,000 kwenda juu inaweza kutaka waya mnene zaidi), na ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) iwe ethi kweli, maana nyumba nyingi waya wa kijani upo ukutani lakini chini haujaungwa na kitu. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wa AC anaweza kuwa mzuri sana kwenye gesi na umeme asiujue. Na kwa jinsi umeme unavyokatika na kurudi, weka gadi ya AC, kifaa cha kuilinda umeme ukiyumba, ile inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha tena, ya friji ni ndogo itaungua.

Siku ya kazi zima brekeri, hakikisha kwa testa, na mwambie kila mtu ndani asiiguse.

Yuniti ya ndani ikae juu, iachie sentimita 15 kutoka kwenye siling, isiwe juu ya tivii wala soketi. Kabla ya kutoboa angalia nyaya zimepita wapi ukutani. Tundu liiname kidogo kuelekea nje ili maji yatoke, afu kabla hawajafunika mimina lita moja ya maji kwenye trei uone yanatoka yote, ukiruka hapo utakuja kugundua ukuta umevimba rangi.

Ya nje ni nzito, mara nyingi kilo 25 hivi au zaidi. Kama ni ghorofani wawe watu wawili na kamba, asining'inie mtu dirishani peke yake jamani, hela ya msaidizi ni ndogo. Tofali za matundu hazishiki boliti vizuri, tafuta sehemu ya zege au iweke chini kwenye kitako cha zege. Mnaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, chumvi inakula breketi za chuma zinazoshika yuniti ya nje haraka, zipake rangi ya kuzuia kutu na uziangalie kila mwaka.

Sasa hapa ndo pa kusimama umkazie macho. Mipaipu ya kopa ikishafungwa lazima hewa yote itolewe kwa vakyumu pampu, dakika 20 mpaka 30, halafu pampu inazimwa na geji inaachwa itulie, sindano ikipanda kuna sehemu inavuja. Wengi wanaruka, wanafungulia gesi kidogo isukume hewa itoke, unyevu unabaki ndani, ukichanganyika na oili unakula kompresa taratibu, na gesi uliyolipia imeenda hewani. Fundi akija bila pampu aifuate, mtamsubiri. Akitaka kujaribu presha atumie naitrojeni, KAMWE asitumie oksijeni ya kuchomelea, ikikutana na oili inalipuka. Halafu soma kibandiko cha mashine ujue ni gesi ya aina gani: R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo madirisha wazi, hakuna sigara wala jiko karibu, na usichanganye na R410A au R22 hata akikwambia zote ni moja.

Vali za yuniti ya nje zikishafunguliwa gesi iingie kwenye mipaipu, paka povu la sabuni kwenye kila nati, uone kama kuna mapovu. Washa, iache nusu saa, kisha shika plagi au kifuniko cha swichi yake kwa nje, ikiwa ya moto au ukisikia harufu ya plastiki usihangaike na rimoti, zima kwenye brekeri na fundi umeme akaze nyaya kabla hajaondoka.