Jinsi ya kusoma habari za chanjo au dawa mpya ya TB bila kuingia mkenge

Ukiona mahali pameandikwa "chanjo mpya ya TB yapatikana", tulia kwanza, usisambaze. Angalia imejaribiwa kwa nani, kama ni panya furahi kimoyomoyo tu, sababu vitu vingi vinavyowaponya panya vikifika kwa binadamu vinagoma.

Kama ni watu, achana na asilimia, tafuta namba zenyewe. Chukua chanjo ya M72/AS01E iliyojaribiwa Kenya, Zambia na Afrika Kusini, matokeo ya 2019 yalisema inakinga karibu asilimia 50, sasa ukichimba unakuta waliochomwa chanjo walikuwa 1,626 wakaugua 13, na waliochomwa sindano isiyo na chanjo 1,663 wakaugua 26, kwa miaka kama 3 hivi. Yaani hiyo 50 yote imesimama juu ya wagonjwa 39. Mi naona ni habari nzuri sana kwa kweli, ila ndo maana jaribio kubwa zaidi lilibidi lianze 2024.

Angalia pia hao watu ni kina nani. Hapo walikuwa watu wazima wasio na VVU, ambao tayari bakteria wa TB wamelala mwilini mwao, kwahiyo usimwambie mtu kwamba itakinga mtoto mchanga. Watoto wachanga bado wana chanjo yao ya BCG, toka 1921.

Kinachorukwa sana ni muda, na hapa ndo pa kukazia macho. Streptomaisini, dawa ya TB, ilipojaribiwa Uingereza miaka ya 1940, wagonjwa 55 walipewa dawa, 52 wakawa wanapumzishwa kitandani tu, baada ya miezi 6 wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili, ungesomea hapo ungeshangilia. Miaka 5 baadaye waliokufa ni 32 upande wa dawa na 35 upande wa pili. Bakteria walishaizoea dawa wakawa sugu, inauma jamani, na ndo sababu mojawapo leo dozi ya kawaida inaanza na dawa 4 kwa mpigo.

Kwahiyo ukisoma kwamba dawa fulani inasafisha bakteria kwenye makohozi haraka, uliza waliomaliza dozi walirudiwa na ugonjwa wangapi baada ya mwaka. Habari isiposema, ni mapema kushangilia.

Na kama una mtu anayemeza dawa za TB sasa hivi, mtumie hiyo habari ukitaka, ila mwambie vidonge vyake asiache hata siku moja eti anasubiri hiyo mpya.